Ruzizi, Ziwa Tanganyika na Samaki Wetu

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja la jiografia kwa ajili ya kurasa za Kiswahili. Amependa liwe somo ambalo mwanafunzi wa darasa la kwanza aweza kulifuata, na mwanafunzi wa zamani aweza kulisoma nyumbani baada ya kazi bila kuona haya kwa yale aliyoyasahau. Basi nimechagua jambo ambalo kila mtu wa Bujumbura amelijua kwa macho yake, lakini wachache wamezitafuta sababu zake: maji ya ziwa yamepanda, na samaki wamepungua.

Mambo haya mawili watu huyafunga pamoja kwa kamba moja, kisha kamba hiyo huifunga shingoni mwa mtu fulani. Mimi nami nilifanya hivyo, mpaka siku niliyoulizwa swali na baba yangu.

Baba alikuwa mvuvi wa usiku. Yeye na wenzake walitoka jioni na mitumbwi, karabai na wavu wa kuinua, wakarudi alfajiri na ndagala. Usiku wa mbalamwezi hawakwenda, kwa maana taa haina nguvu mbele ya mwezi. Kwa ndagala hao nilisomeshwa katika shule hii. Nyumba yetu ilikuwa Kajaga, upande wa Gatumba. Mwezi wa Aprili 2020 mto Ruzizi ulifurika Gatumba, na maelfu ya watu wakahama. Mwaka uliofuata ziwa lenyewe likaingia uani kwetu. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kidogo kidogo, leo kwenye mti wa mwembe, kesho kwenye jiko, mwisho mlangoni. Tukahamia Buyenzi kwa baba mdogo.

Siku moja baba alikuwa ameketi barazani, akaniita, akasema: “Mwanangu, wewe ni mwalimu. Watu wa mabwawa wamefungulia maji kule juu. Wamezamisha nyumba yangu, na tope lao limefukuza samaki wangu. Kama ni uongo, nionyeshe.” Nilimjibu, “Baba, nipe muda nitazame.” Somo hili ndilo jibu nililompelekea.

1. GHALA LA MAJI

Kila mto wenye maji mwaka mzima una ghala mahali fulani. Mvua hunyesha miezi michache tu, na mto hutiririka miezi yote. Basi lazima pawe na kitu kinachoyaweka maji na kuyatoa polepole.

Katika nchi za baridi, kama vile milima ya magharibi ya Marekani, ghala hilo ni theluji. Majira ya baridi theluji hulundikana mlimani, na majira ya joto huyeyuka. Katika mito hiyo yuko samaki aitwaye trauti, apendaye maji baridi yenye hewa nyingi. Theluji ikiwa haba, mto hupungua na kupata joto, na trauti hutaabika. Hapo wasimamizi wa mabwawa huwa na kazi kubwa: mkulima ataka maji shambani, mji wataka umeme, na samaki ataka mto usikauke wala usipate moto. Trauti huyo aliletwa hata Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, akatiwa katika vijito vya Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Lakini vijito hivyo hulishwa hasa na mvua, chemchemi na misitu. Barafu ya kileleni ni sehemu ndogo tu.

Sisi wa Burundi hatuna theluji. Ghala zetu ni nyingine. Ya kwanza ni msitu, kama ule wa Kibira, ambao udongo wake hunywa mvua na kuitoa polepole. Ya pili ni mabwawa ya asili yenye matete na mafunjo. Ya tatu, iliyo kubwa kwa mto wetu wa Ruzizi, ni Ziwa Kivu.

2. SAFARI YA RUZIZI

Mto huu kwa upande wa Burundi huandikwa Rusizi, na kwa upande wa Kongo huandikwa Ruzizi; maji ni yale yale. Hutoka katika Ziwa Kivu penye mji wa Bukavu, kwenye kimo cha kadiri ya mita 1,460 juu ya bahari. Huishia katika Ziwa Tanganyika karibu na Bujumbura, kwenye kimo cha kadiri ya mita 775. Basi katika safari ya kilomita zisizozidi 120 hivi, mto huu huanguka kwa mita 680 na zaidi. Sehemu kubwa ya anguko hilo iko juu, katika magenge kati ya Kongo na Rwanda. Ukiisha kushuka hutulia, ukapita katika uwanda wa Imbo ukijipinda kama nyoka aliyeshiba.

Zamani mto huu haukuwako kama tuuonavyo. Maji ya upande wa Kivu yalikwenda kaskazini. Kisha volkano za Virunga zikaziba njia, Kivu ikajaa nyuma ya ukuta huo, na yapata miaka 10,000 au zaidi iliyopita ikamwagikia kusini. Hivyo Ziwa Tanganyika likapata mto mpya. Maji ya Kivu yana chumvi nyingi kuliko ya mito mingine, na sehemu kubwa ya chumvi iliyomo katika Tanganyika imeletwa na Ruzizi.

Anguko kubwa ni nguvu, na nguvu yaweza kuwa umeme. Bwawa la kwanza, Ruzizi I, lilijengwa karibu na Bukavu, likaanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. La pili, Ruzizi II, lilianza mwaka 1989, nalo ni la Burundi, Rwanda na Kongo kwa pamoja. Taa nyingi za Bujumbura zimewaka kwa maji hayo.

3. HESABU YA BABA

Sasa na tulijibu swali la baba kwa kalamu. Je, mabwawa ya Ruzizi yaweza kulipandisha ziwa mpaka lizamishe nyumba?

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kadiri ya kilomita 670, na eneo la kadiri ya kilomita za mraba 32,900. Ili lipande kwa mita moja, lazima pawe na maji ya ziada ya kilomita za ujazo 32.9.

Maji yanayotoka Kivu kuingia Ruzizi ni kadiri ya mita za ujazo 100 kwa nukta moja. Mwaka una nukta 31,536,000. Zidisha: tunapata mita za ujazo 3,153,600,000, ndiyo kusema kilomita za ujazo 3.15 hivi. Sasa gawanya kwa eneo la ziwa. Jibu ni kadiri ya sentimita 10.

Angalia vizuri maana yake. Maji yote ya Kivu yanayoshuka mwaka mzima, kama yangetandazwa juu ya Tanganyika pasipo hata tone moja kupotea, yangelipandisha kwa sentimita 10 tu, yaani upana wa kiganja. Na maji hayo hushuka kila mwaka, bwawa liwepo lisiwepo. Bwawa haliumbi maji. Laweza kuyachelewesha au kuyaharakisha tu. Lakini kati ya 2018 na 2021 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita moja, na mwaka 2024 likakaribia kiwango kikuu cha 1964.

Basi maji yalitoka wapi? Yalitoka juu. Katika mwaka wa kawaida, mvua inyeshayo moja kwa moja juu ya uso wa ziwa ni kadiri ya mita moja, tena yaongezeka maji ya mito yote ya Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Maji yanayotoka, sehemu kubwa hutoka kwa kugeuka mvuke kwa jua na upepo. Sehemu ndogo hutoka kwa mto Lukuga, penye mji wa Kalemie, kwenda kujiunga na mto Kongo. Mvua ikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, mapato yashinda matumizi, na ziwa hupanda kama deni la mtu asiyelipa.

4. MLANGO MWEMBAMBA WA LUKUGA

Mtu aweza kuuliza: kwa nini lisimwagike upesi? Kwa sababu mlango wake ni mmoja, nao ni mwembamba, wenye mchanga na matete. Historia yake ni ya ajabu. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika Lukuga akakuta njia imesongwa na majani. Mwaka 1876 Stanley alifika, naye hakuona mto uliotoka kwa nguvu. Ziwa lilikuwa likijaa kama mtungi. Karibu na 1878 maji yalivunja kizuizi, na mwaka 1879 Joseph Thomson aliukuta mto ukienda kwa kasi. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kadiri ya mita 10. Ndiyo sababu mahali pa kumbukumbu huko Ujiji, ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, leo pako mbali kidogo na ufuko.

Likapanda tena baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, mpaka 1964 likafika kiwango ambacho wazee wa Bujumbura walikitaja kwa miaka mingi, kwa maana bandari yetu ilipata maji. Likachukua miaka mingi kushuka.

Hapa pana funzo kwetu sisi wanadamu. Miaka ya 2010 ziwa lilikuwa limepungua, na palikuwa na mazungumzo kati ya Tanzania na Kongo ya kujenga kizuizi Lukuga ili maji yasipotee. Miaka michache baadaye watu wa Bujumbura, Uvira na Kigoma walikuwa wakilia kwa maji kuzidi. Asimamiaye mlango wa ziwa lazima akumbuke kiangazi akiwa katika masika, na masika akiwa katika kiangazi. Kumbukumbu ya mtu mmoja ni fupi kuliko mwendo wa ziwa.

Nami sina budi kukiri jambo lililo chungu. Nyumba yetu ya Kajaga ilijengwa katika miaka ambayo ziwa lilikuwa chini. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 yataka mita 150 zisizojengwa kutoka ufukoni. Nyumba yetu ilitangulia sheria hiyo, lakini haikutangulia 1964. Ziwa halikuja kwetu. Sisi ndio tuliokwenda kwake lilipokuwa limelala.

Na Gatumba je? Ziwa likiwa juu, mto hauna pa kumwagia upesi. Maji ya Ruzizi hufika mdomoni yakapunguza mwendo, yakaangusha udongo uliochukuliwa kutoka milimani, na kitanda cha mto kikainuka. Mvua ya siku moja huko juu ikishuka, mto huacha njia yake na kuingia mitaani. Basi udongo wa mashamba yaliyolimwa bila makinga-maji nao una sehemu yake katika maafa yale.

5. BWAWA LINA KOSA GANI?

Nilipofika hapa baba akacheka, akasema, “Basi mabwawa ni matakatifu?” La, si hivyo. Mwenye kusafishwa katika shitaka moja aweza kuwa na mashitaka mengine. Na tuyaangalie.

Kwanza, bwawa hukata njia. Wako samaki wa mtoni ambao hupanda mto kwenda kuzaa. Wakikuta ukuta, safari yao imekwisha.

Pili, umeme hutakiwa zaidi jioni, watu wanapowasha taa na kupika. Mahali popote duniani ambapo bwawa hufungulia maji mengi jioni na machache mchana, mto ulio chini hupanda na kushuka kila siku. Mayai yaliyotagwa kandokando hukauka, na watoto wa samaki hunaswa katika vidimbwi. Wavuvi wa trauti huko Marekani walilalamikia jambo hili, na baadhi ya mabwawa yakapangiwa kiasi cha chini cha maji ambacho lazima kiachwe mtoni wakati wote. Ni kanuni nzuri kwa kila mto.

Tatu, bwawa hukusanya tope na takataka. Huko Bukavu, chupa na mifuko ya plastiki ya mjini huingia Kivu, hufika Ruzizi I, na kuziba mashine mpaka umeme ukapungua. Wafanyakazi huziopoa, na mvua ikinyesha hurudi. Hapo kosa si la bwawa tena, bali ni la mkono ulioitupa chupa.

Lakini makosa haya humpata samaki wa mtoni na wa penye matete, kama kambale. Ndagala na mukeke hawakai mtoni. Wao ni watu wa kilindi. Basi kupungua kwao lazima kutafutwe mahali pengine.

6. SHAMBA LILILO NDANI YA ZIWA

Ndagala ndiye yule Watanzania wamwitao dagaa wa Kigoma. Mukeke, ambaye wao humwita mgebuka, humla ndagala. Ndagala hula vidudu vidogo mno, na vidudu hula vijimea visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea karibu na uso penye mwanga. Vijimea, kama mahindi, vyataka mbolea. Mbolea hiyo iko wapi?

Iko chini. Kila kilichokufa ziwani huzama, na Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470. Huko chini pana mbolea nyingi lakini hapana oksijeni. Upande wetu wa kaskazini oksijeni huishia kadiri ya mita 100 tu. Juu pana mwanga na hewa, lakini mbolea ni haba. Kazi ya kuipandisha mbolea hufanywa na upepo wa kusini.

Fanyeni jaribio hili darasani. Chukueni bakuli la kioo lililo pana na lenye kina. Tieni maji baridi mpaka nusu, kisha matone machache ya wino. Eleezeni kipande chembamba cha ubao juu yake, mmimine polepole juu ya ubao huo maji ya moto yasiyo na wino. Mtaona matabaka mawili: meupe juu, ya wino chini. Sasa mmoja apulize kwa mrija juu ya uso wa maji kutoka upande mmoja. Maji meupe yatasukumwa kwenda mbele, na mpaka wa wino utainuka upande ule wa mpulizaji. Aache kupuliza: mpaka utashuka, utainuka upande wa pili, nao utayumba kwenda na kurudi.

Hivyo ndivyo lilivyo ziwa letu. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kutoka Zambia kuja kwetu. Maji ya juu yenye joto husukumwa kaskazini, na maji baridi yenye mbolea huinuka kusini, upande wa Mpulungu. Upepo ukitulia, mpaka wa chini huanza kuyumba, kwenda na kurudi kwa muda wa karibu mwezi kila mara, na mbolea hufika hata kwetu. Wavuvi wa zamani walijua kwamba baada ya kiangazi ndagala huja kwa wingi. Hawakujua kwamba upepo ulikuwa umelima.

Sasa rudieni jaribio, lakini safari hii maji ya juu yawe ya uvuguvugu kidogo tu. Mtaona wino unachanganyika kwa urahisi zaidi. Yaani tofauti ya joto ikiwa ndogo, upepo hufanya kazi yake. Ikiwa kubwa, maji ya juu hukaa kama mafuta, na upepo huchoka bure.

Na ziwa limepata joto. Wataalamu wamelinganisha vipimo vilivyoanza mwaka 1913 na vya baadaye, wakaona hivyo. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza kwamba uwezo wa ziwa wa kuotesha vijimea ulikuwa umepungua kadiri ya asilimia 20, na kwamba hilo laweza kupunguza samaki kwa kadiri ya asilimia 30. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walieleza habari ya udongo waliouchimbua chini ya ziwa. Mifupa na magamba yaliyomo yalionyesha kwamba samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza.

Basi, kama theluji ni ghala ya trauti, upepo juu ya maji baridi ndio ufunguo wa ghala ya ndagala. Ghala ya theluji yaweza kuwa tupu. Ghala yetu imejaa, lakini ufunguo umekuwa mgumu kugeuka.

7. MKONO WETU WENYEWE

Asifurahi mtu akasema kwamba yote ni joto, na wavuvi hawana hatia. Shamba likizaa kidogo, mwenye busara hali mbegu. Ndagala wachanga huja karibu na ufuko kukua, na hapo ndipo makokoro yanapowakokota kwa maelfu. Wengine wameshona hata vyandarua vya mbu. Mitumbwi na taa zimeongezeka, na nyavu zimekuwa kubwa. Baba mwenyewe alikiri kwamba wavu wa ujana wake ungeonekana leo kama leso.

Nchi nne za ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mapatano mwaka 2003, zikaunda mamlaka ya ziwa ambayo makao yake yako hapa Bujumbura. Mwaka 2021 zikakubaliana juu ya kanuni za uvuvi, pamoja na kulipumzisha ziwa miezi mitatu kila mwaka. Kwa mara ya kwanza Tanzania ilifunga upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Maana yake ni kuwaacha wakubwa wazae na wadogo wakue. Ziwa halina ukuta katikati. Nchi moja ikifunga peke yake na nyingine ikavua, aliyefunga amewalishia jirani kuku wake.

Nilimsomea baba yote haya katika jioni tatu. Hesabu ya sentimita 10 alitaka niirudie. Akaniambia nipime kwa kiganja chake, si changu, kwa kuwa chake ni kipana. Kisha akanyamaza kitambo, akasema: “Basi nilikuwa nikiwatukana watu bure.” Baada ya hapo hakuwatukana tena watu wa mabwawa, ila siku umeme ulipokatika.

Lakini tulipofika habari ya miezi mitatu, aliniuliza: “Mwanangu, samaki watapumzika. Na mvuvi aliye na watoto sita na deni la wavu, yeye atapumzika kwa kula nini?” Nilizifunua karatasi zangu. Sikuwa na hesabu ya jambo hilo. Nawaachia ninyi, kwa maana wengine wenu mtakuwa maofisa, na wengine mtakuwa na mitumbwi.

8. MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Wanafunzi na ndugu zangu, yawekeni haya katika daftari:

Kwanza, kupanda kwa maji na kupungua kwa samaki ni mambo mawili yenye sababu mbili. La kwanza ni la mvua na mlango mwembamba. La pili ni la joto, upepo na nyavu.

Pili, bwawa haliumbi maji, lakini laweza kuudhuru mto usiposimamiwa kwa uangalifu.

Tatu, udongo wa mlimani ni wa mlimani. Ukiukinga kwa miti na matuta, umemsaidia mtu wa Gatumba usiyemjua.

Nne, kabla ya kumlaumu mtu, fanya hesabu. Mara nyingine kalamu huokoa urafiki wa majirani.

MASWALI

1. Taja ghala tatu za maji zinazolisha mito yetu. Je, theluji hufanana nazo kwa jambo gani?

2. Kama maji yanayotoka Kivu yangekuwa mita za ujazo 150 kwa nukta moja, yangelipandisha Ziwa Tanganyika kwa sentimita ngapi katika mwaka mmoja?

3. Eleza kwa maneno yako kwa nini mto Ruzizi hufurika upesi zaidi ziwa linapokuwa juu.

4. Chora ziwa likitazamwa ubavuni wakati wa upepo wa kusi. Onyesha maji ya joto, maji baridi, na mahali mbolea inapoinuka.

5. Ziwa likifungwa miezi mitatu, mvuvi wa Kajaga ale nini? Jibu kwa ukurasa mmoja. Majibu mazuri nitampelekea baba Buyenzi, naye ndiye atakayeyasahihisha.